Dakta Krapf na Mashahidi wa Maneno ya Mvita

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani, ukashika njia ya Mkomani, utafika mahali penye kaburi la bibi mmoja wa Kizungu na kitoto chake, pamoja na mnara wa ukumbusho. Bibi huyo ni Rosina, mkewe Dakta Johann Ludwig Krapf, na mauti yao yalitokea mwezi wa Julai 1844. Kaburi hilo ni la zamani kuliko Freretown, ambayo kengele yake ndiyo iliyopapa Kengeleni jina, na ni la zamani zaidi kuliko majumba yote ya Nyali yanayolizunguka leo.

Kuhusu Krapf mwenyewe, watoto wa shule hufunzwa mambo mawili: kwamba alikuwa mmishenari, na kwamba mwaka 1849 aliuona Mlima Kenya. Ni kweli yote mawili. Lakini mimi naona kazi yake kubwa ni nyingine kabisa, nayo ni kamusi ya Kiswahili iliyotoka London mwaka 1882, yenye kurasa 433 za maneno, mbali na utangulizi na sarufi iliyotiwa mbele yake. Kazi hiyo yatuhusu sisi watu wa Mvita kuliko mlima. Maana mlima ulikuwako, na wenyewe walioishi chini yake walikuwa wakiujua tangu hapo na wakiupa majina yao. Ama maneno, yakishatoka kinywani huenda na upepo, isipokuwa apatikane mtu wa kuyaandika.

Huenda msomaji akauliza, padri wa Kikristo ana lipi la kutuhusu sisi? Swali hilo ni la haki na nitalirudia mbele. Kwanza tumjue mtu.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani ya kusini. Baba yake alikuwa mkulima. Kijana alikuwa na kipaji cha lugha, akasoma Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, akapita chuo cha wamishenari cha Basel, kisha akamaliza elimu ya dini Tübingen mwaka 1834. Baadaye akaingia katika chama cha Waingereza cha Church Missionary Society, nacho kikamtuma Uhabeshi mwaka 1837. Huko alijifunza Kiamhara na lugha ya kale ya Geez, na akaanza kuiandika lugha ya Waoromo. Kiarabu pia alikuwa nacho. Uhabeshi mlango ukamfungia mwaka 1842. Mwaka huo huo akamwoa Rosina nchini Misri, na pamoja wakashika njia ya bahari kutoka Aden kuja pwani yetu.

Mwezi wa Januari 1844 walishuka Unguja. Sayyid Said bin Sultan alimpokea vizuri, akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wote wa pwani. Kabla mwaka haujafika katikati, Krapf na mkewe walikuwa wamehamia Mombasa. Tukumbuke mji ulikuwa katika hali gani. Miaka saba tu ilikuwa imepita tangu utawala wa Mazrui kuanguka mwaka 1837, na Ngome ilikuwa mikononi mwa askari wa Sayyid. Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, alikuwa amefariki karibu na mwaka 1840. Basi watu wale Krapf aliokaa nao, akanunua kwao samaki na kuwauliza majina ya vitu, ni wale wale waliomjua Muyaka kwa uso na kumsikia kwa masikio yao. Jambo hili ni kubwa, nami naomba lisisahauliwe tunapoendelea.

Mwalimu wake wa kwanza hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Alikuwa Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhiddin, ambaye asili yake ni Barawa. Tarehe 8 Juni 1844 wawili hao walianza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Fikiri ajabu yake: mwanachuoni wa Kiislamu na padri wa Kilutheri wameketi pamoja katika mji wa Mombasa, mmoja anatafuta neno na mwengine analipima kama linafaa. Habari za Nabii Adamu na Nabii Nuhu hazikuwa ngeni kwa Kadhi, wala Kiarabu hakikuwa kigeni kwa Krapf. Sura tatu za kwanza za kazi hiyo zilipigwa chapa Marekani mwaka 1847, katika jarida la jumuiya ya wasomi wa lugha za Mashariki, nazo ni miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa ya Kiswahili kupita katika mashine ya chapa.

Wiki tano baada ya siku ile ya Juni, Krapf alikuwa mjane. Homa iliwapata nyumba nzima. Rosina alijifungua binti mwanzoni mwa Julai, akafariki tarehe 13, na mtoto akamfuata baada ya siku chache. Kwa wosia wa bibi mwenyewe hakuzikwa kisiwani bali barani, ndipo alipolazwa upande wetu wa Mkomani. Krapf naye alikuwa hoi kitandani. Alipopata nafuu alirudi kwenye karatasi zake za maneno.

Sasa nitoke kidogo Mombasa nizungumze juu ya kamusi zenyewe, kwa sababu pasipo hayo thamani ya kitabu cha Krapf haionekani.

Waingereza hawakuanza zamani sana kutunga kamusi za lugha yao. Ile inayohesabiwa kuwa ya kwanza, ya Robert Cawdrey, ilitoka mwaka 1604, nayo ilikuwa na maneno kama 2,500 hivi, tena maneno magumu tu. Kila neno gumu lilipewa neno jepesi la kulifasiria, ikawa basi. Maneno ya kila siku, kama mkate na mbwa, hayakutiwa, kwa kudhani kwamba kila mtu anayajua. Baada ya miaka 150 akaja Samuel Johnson. Kamusi yake ya mwaka 1755 ilikuwa na maneno kiasi cha 42,000, na kwa maneno hayo alileta vifungu kama 114,000 kutoka katika vitabu vya waandishi wa Kiingereza: Shakespeare, Milton, Dryden, na Biblia yao. Hakutaka msomaji amwamini yeye. Alisema maana yake, kisha akamwita mwandishi mashuhuri aje kushuhudia.

Johnson alikuwa pia mtu wa dhihaka. Shayiri aliieleza kuwa ni nafaka ambayo Uingereza hupewa farasi na Uskoti huliwa na watu, na Waskoti hawakumsamehe. Mtunga kamusi akamfasiri kuwa ni mtu wa kazi ya sulubu asiyemdhuru mtu, akijikusudia mwenyewe. Na wavu, kitu ambacho mtoto wa mvuvi yeyote wa Mkomani anakijua, aliueleza kwa maneno mazito hata msomaji akatamani aonyeshwe wavu wenyewe. Hizi ndizo zilizokuwa kamusi za kale za Kizungu. Ndani yake mlikuwa na mtu. Ukizisoma wamjua mwenyewe, apendalo na achukialo.

Lakini sisi watu wa pwani hatuna haja ya kustaajabia mashahidi wa Johnson kana kwamba ni jambo jipya. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, ambaye asili yake ni Oman na elimu yake aliisomesha Basra, alianza kamusi ya Kiarabu katika karne ya 8, zaidi ya miaka 900 kabla ya Johnson, akaipanga kwa kufuata mahali herufi zinapotokea kooni na kinywani, akianza na ayn. Baada yake wakaja wengine, hata Ibn Manzur, aliyefariki mwaka 1311, akaandika Lisanul Arab, ambamo neno huletewa ushahidi wa aya, wa hadithi na wa beti za washairi wa kale. Waliosoma vyuoni wanalijua jambo hili: maana isiyo na shahidi huwa na walakini. Hata neno letu lenyewe, kamusi, ni la Kiarabu lenye maana ya bahari kuu, nalo lilipata maana ya kitabu cha maneno kwa sababu ya kitabu kimoja mashuhuri kilichopewa jina hilo na al-Firuzabadi.

Basi Krapf alipoketi kuandika kamusi ya Kiswahili alikuwa na mifano ya pande mbili mbele yake, ya Wazungu na ya Waarabu. Alikosa kitu kimoja. Hakuwa na rafu ya vitabu vya chapa vya Kiswahili ambamo angechota mashahidi wake. Tenzi zilikuwako, zimeandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, na alizitafuta, lakini nyingi zilikuwa majumbani mwa wenyewe. Alilazimika kuwachukua mashahidi aliowakuta, nao ni watu.

Ndiyo maana kitabu chake hakifanani na kamusi tunazobeba shuleni. Neno huja, likafuatiwa na alama za sarufi na ngeli yake ya wingi, kisha maana kwa Kiingereza, kisha, mara nyingi, sentensi nzima ya Kiswahili kama ilivyosemwa, na tafsiri yake. Sentensi hizo si za kitabuni. Ni maneno ya watu wanaonunua na kuuza, wanaosafiri, wanaougua, wanaodaiana. Kuna methali ndani yake na kuna desturi. Penye neno la asili ya Kiarabu, Krapf huliandika kwa herufi za Kiarabu na kueleza mzizi wake kwa Kilatini, kama walivyofanya wataalamu wa Kiarabu wa Ulaya wa zama zake. Utakuta basi katika mstari mmoja Kiswahili, Kiarabu, Kilatini na Kiingereza, vyote vimepangwa na Mjerumani ambaye Kiingereza chenyewe si lugha ya mamaye. Mara kwa mara jambo hilo hujionyesha, kwani kuna maelezo yanayokwenda kwa mwendo wa Kijerumani huku yamevaa Kiingereza.

Kazi ya kufasiri kwa lugha ya watu wengine ina taabu zake. Mwingereza ana neno moja tu la mpunga, mchele na wali, na watu wa Mvita kwa mchele husema mtele. Huwezi kumpa neno hilo moja mara tatu ukadhani umemfahamisha. Lazima umhadithie kwamba huu ungali na maganda, huu umekwisha twangwa, na huu umepikwa. Nazi ni hivyo hivyo: kidaka, kitale, dafu, koroma, hata kufika nazi yenyewe, na Mwingereza anaona tunda moja. Mtepe nao, chombo kilichoshonwa kwa kamba pasipo msumari, utaupa neno gani la London? Hapo mtunga kamusi huacha kufasiri na kuanza kusimulia, na mimi napenda kukisoma kitabu hiki hasa kwenye mahali kama hapo, kwa sababu ndipo unapoona watu wa mwaka 1844 wakifanya kazi zao.

Krapf hakuwa peke yake. Mwaka 1846 alijiwa na Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake, na wawili hao wakajenga kituo Rabai katika nchi ya Wamijikenda, ambao zama zile wakiitwa Wanyika. Kwa hiyo maneno mengi ya Kiswahili yamelinganishwa katika kamusi na ndugu zake wa Kimijikenda, jambo linaloonyesha ujamaa wa lugha hizi kuliko hotuba yoyote. Maneno au maelezo yaliyotoka kwa Rebmann yametiwa alama ya herufi R. Penye shaka Krapf hutia alama ya kuuliza. Mimi alama hizo nazipenda. Kamusi za siku hizi hazina shaka na chochote.

Alipanga kazi yake juu ya Kimvita. Maneno ya Unguja, ya Mrima na ya Lamu huyataja akayatenga kwa alama zake, lakini nyumba kuu ni ya Mombasa. Ndani yake mna ndia na mato na mtele, si kama makosa ya watoto ya kusahihishwa kwa kalamu nyekundu, bali kama maneno yenye haki yake. Aliziona lahaja za Mvita na za kaskazini kuwa na usafi kuliko ile ya Unguja, na msomaji wa Unguja atanisamehe kwa kumnakili.

Mashahidi wa Johnson wana majina. Ukiona kifungu wajua ni cha Shakespeare au cha Milton. Mashahidi wa Ibn Manzur wana majina, na hata makabila yao yanajulikana. Mashahidi wa Krapf, isipokuwa wachache mno, hawana. Kadhi Ali bin Muhiddin tunalo jina lake. Yuko na Salimini, mtumwa aliyetekwa pande za Ziwa Nyasa akaletwa hata Mombasa, ambaye Rebmann alikaa naye na kuandika kwake kamusi ya Kinyasa. Huyo naye ametajwa. Waliobaki, waliosema zile sentensi kwa mamia, hawakuandikwa. Ni mvuvi gani aliyemwambia majina ya nyavu na mishipi? Ni mama gani aliyemtajia vyombo vya jikoni? Maneno yao yamekaa katika maktaba za Ulaya karne nzima na zaidi, na juu ya jalada kuna jina moja.

Sisemi Krapf alifanya hila. Desturi ya wasomi wa zama zake ilikuwa hiyo, na wengine baada yake walifanya zaidi. Lakini mtu akisema kwamba mmishenari ndiye aliyeileta kamusi ya kwanza kubwa ya Kiswahili, asiishie hapo. Aseme pia ilitoka katika vinywa vya nani.

Sasa lile swali la mwanzo. Krapf hakuja pwani kwa ajili ya kamusi. Alikuja kuhubiri dini yake, na lugha aliiona kuwa ni ufunguo wa mlango huo. Katika vitabu vyake vya safari anausema Uislamu kwa ukali, tena kwa ukali wa mtu aliyekaribishwa vizuri na Waislamu. Na katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1850, kilichopigwa chapa Tübingen, alieleza kwa nini aliamua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini badala ya hizi za Kiarabu zilizotumiwa na wazee wetu karne nyingi. Sababu yake moja ilikuwa ya ufundi: herufi za Kiarabu, kama zilivyokuwa zikiandikwa, hazitoshi sauti zote za Kiswahili, na mtu huweza kusoma neno moja kwa njia mbili au tatu. Hiyo ina ukweli, na wanaosoma hati za zamani wanaijua taabu yake. Sababu ya pili haikuwa ya ufundi hata kidogo. Alihofu kwamba herufi za Kiarabu zingeufungulia Uislamu mlango wa kuingia bara, katika makabila ambayo yeye alitumaini yatakuwa ya Kikristo.

Hayo aliyaandika mwenyewe, wala si dhana yetu. Kwa hiyo anayeisoma kamusi yake katika maneno ya ibada na itikadi, katika habari za pepo na uganga, asisahau nani anayeeleza. Johnson alipowadhihaki Waskoti, Waskoti walikuwa na vyombo vya chapa vya kumjibu. Wazee wa Mvita hawakuwa navyo, na maelezo juu ya dini yao yalikwenda Ulaya bila ya wao kuyaona. Hapo ndipo kamusi hii inapotaka msomaji mwenye macho mawili: moja la kuangalia neno, na moja la kumwangalia mfasiri.

Na bado mtu huyo huyo aliyezikataa herufi za Kiarabu ndiye aliyeziokoa baadhi ya hati zilizoandikwa kwa herufi hizo. Alikusanya tenzi, na mwaka 1854 hati alizozipata, ukiwamo utenzi wa Herekali unaosimulia vita vya Tabuka, zilikabidhiwa jumuiya ya wataalamu wa Mashariki mjini Halle, Ujerumani, ambako wataalamu wa baadaye walizikuta. Binadamu hakunjwi akatiwa katika bahasha moja.

Maisha yake yaliyobaki nitayapitia upesi. Mwaka 1849 na 1851 alikwenda Ukambani. Safari ya kwanza ndiyo alipouona mlima, akiwa kwa Kivoi huko Kitui, na jina alilolisikia kwa Wakamba akaliandika kwa tahajia zaidi ya moja, mojawapo ikiwa Kenia. Safari ya pili Kivoi aliuawa na Krapf akaponea chupuchupu. Alikwenda pia Usambara kwa Mfalme Kimweri. Mwaka 1850 alitoa msamiati wa lugha sita za Afrika ya Mashariki, Kiswahili kikiwa cha kwanza. Mwaka 1853 afya ilimshinda akarudi Ujerumani. Alirejea mara moja, mwaka 1862, kuwasaidia Wamethodisti kuanza kituo cha Ribe, kisha akastarehe katika mji mdogo wa Korntal.

Rebmann alibaki. Alikaa miaka 29 pasipo kurudi kwao hata mara moja, akiyapima maneno, akiyaandika upya, asitoe kitabu, kwa kuwa kila alipofika mwisho aliona bado kuna la kusahihisha. Kazi ya kamusi ilimla macho na umri. Mwaka 1875 alirudishwa Ulaya karibu kipofu, akafika Korntal kwa rafiki yake, na mwaka 1876 akafa. Krapf, mzee wa miaka sitini na zaidi, ndiye aliyezikusanya karatasi za wote wawili. Kamusi ya Kinyasa ya Rebmann aliitoa mwaka 1877. Kisha akaishika ile ya Kiswahili, aliyokuwa ameianza zaidi ya miaka 30 nyuma alipokuwa mgeni kisiwani kwetu.

Usiku wa kuamkia 27 Novemba 1881 hakuuona mwisho wake. Watu walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake kama aliyekuwa akiomba. Kamusi ilitoka London mwaka uliofuata, 1882, mwaka ambao Askofu Steere wa Unguja, mshindani wake mkubwa katika elimu ya Kiswahili, naye alifariki.

Baada ya hapo mambo yaligeuka. Kamusi ya Madan ilitoka mwaka 1903, naye alichota kwa Krapf lakini akasimama upande wa Unguja. Mwaka 1925 padri Binns, aliyekaa miaka mingi upande wetu huu, alikirekebisha kitabu cha Krapf na kukipanga upya. Halafu mwaka 1928 ukafanyika mkutano wa wakuu wa serikali za kikoloni wa kuchagua Kiswahili cha shule, na ulifanyika hapa hapa Mombasa, na uamuzi wake ukawa kwamba Kiunguja ndicho kitakachokuwa msingi. Kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930, na kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ikajengwa juu ya ile ya Madan. Kutoka huko tumefika katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ya wenzetu wa Dar es Salaam, ambayo ni kazi ya kusifiwa. Lakini katika safari hiyo sentensi nyingi za watu wa Mvita ziliachwa njiani. Maneno mengi yalipita. Wenyewe walioyasema hawakupita.

Mimi hukifungua kitabu cha 1882 hasa nisomapo Muyaka. Beti zake zina maneno ambayo kijana wa leo, hata aliyezaliwa Kibokoni, huyapita kama mtu apitaye nyumba iliyofungwa. Krapf aliyaandika wakati yangali sokoni, na mara kwa mara jibu lililonikosesha usingizi nimelikuta kwake, pamoja na sentensi ya mtu asiye na jina inayolitumia neno lile kwa jambo la kawaida kabisa.

Kitabu kilipigwa chapa tena katika miaka ya 1960 bila kubadilishwa, na siku hizi husomwa bure katika intaneti. Atakayekishika asiogope tahajia yake ngeni, kwani akisoma kwa sauti masikio yatamsahihisha. Na aanze na herufi M. Krapf aliyapanga majina kwa herufi ya mwanzo kama yanavyotamkwa, kwa hiyo hapo kwenye M ndipo walipokusanyika watu na kazi zao, mvuvi na mwalimu na mganga, na miti yote ya pwani, mnazi, mwembe, mkindu, na huo mkoma ambao jina lake limo ndani ya jina la Mkomani.